Maji Hadi Kwenye Utepe

Kazi yangu ni kuogesha watu wazima. Nasema hivyo makusudi, maana nikisema "mhudumu wa wazee majumbani" watu hutikisa kichwa kwa heshima, halafu nikiwapa kisogo huulizana, "Hivi huyu anafanya nini hasa?" Naogesha, nabadilisha shuka, nakata kucha, nasikiliza hadithi ile ile kana kwamba ndiyo kwanza naisikia. Msimu wa joto nafanya hayo yote huku jasho likinichuruzika mgongoni, na nikitoka nyumba hii nakimbilia nyingine. Ndiyo maana mama mmoja alinibandika jina la Bi Haraka.

Mama huyo alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, mpaka siku alipoanguka bafuni na kuvunjika nyonga. Tangu hapo hakuweza kusimama bila kushikwa. Alikaa chumba cha nyuma, kitanda kimesogezwa dirishani, na mwanawe wa mwisho alihamishia karakana yake sebuleni ili asiwe mbali naye. Mwana mwenyewe ni mtu mzima, kipara kimeshaanza kumng'aa, fundi wa friji na feni. Mtaa mzima unamwita Fundi Baridi. Ukiingia pale unapita katikati ya friji zilizofunguliwa migongo na feni zisizo na mapanga, unaruka nyaya, unafika kwenye pazia, na nyuma ya pazia ndipo alipokuwa mama.

Fundi Baridi alikuwa na dada mkubwa aliyeishi mbali, ambaye alipiga simu kila mara kwa sauti ya mtu aliyeshaamua. Alitaka mama apelekwe kwenye nyumba ya kutunzia wazee, karibu na kwake.

"Wewe ni mwanamume na una kazi," alimwambia ndugu yake, simu ikiwa kwenye spika na mimi nipo nimekunja shuka mkononi. "Utamwangalia vipi mama? Akizidiwa tena, nakuja kumchukua. Sitakuuliza."

"Mama hatoki hapa," Fundi Baridi alijibu.

"Basi akidhoofika itakuwa juu yako."

Mama alisikia yote, pazia si ukuta. Niliporudi kumvalisha alinishika mkono akaniambia, "Mimi nitafia kwenye kitanda changu, Bi Haraka. Nisizungukwe na watu nisiowajua, wananiita bibi wakati hata mtoto wao sikumshonea nguo." Nikamwambia aache uchuro. Mimi ndiye niliyeogopa.

Mwaka ule joto lilikuja na fujo. Mabati yalilia kuanzia asubuhi. Ukigusa kitasa cha mlango kinakuunguza, na hata maji ya bombani yalitoka ya moto kama mtu ameyachemsha kwa hasira. Kila friji mtaani iliamua kufa siku hizo, na wenye friji walijazana sebuleni kwa Fundi Baridi, kila mmoja akidai yeye ndiye aliyetangulia.

Pamoja na hekaheka hiyo yote hakumsahau mama yake, na wala sitii chumvi. Alimwekea feni na mbele ya feni beseni la barafu. Aliloweka shuka akalitundika dirishani ili upepo ukipita upoe. Na juu ya kistuli kando ya kitanda alimwekea jagi la plastiki linaloonyesha maji ndani, lina kifuniko, na ubavuni kalibandika tepe mbili nyekundu, zile za kufungia nyaya. Mchana maji yawe yameshuka hadi utepe wa juu. Jioni, hadi utepe wa chini.

"Binadamu ukimuuliza atakwambia yuko sawa hata kama anakufa," alinieleza huku akijipongeza kidogo. "Mashine unaiamini kwa kipimo chake, geji. Geji haina aibu."

Basi ikawa hivyo. Kila baada ya muda alipiga kelele toka sebuleni, bisibisi mdomoni, "Mama, umekunywa?" Na mama akajibu, "Nimekunywa, mwanangu." Kisha Fundi Baridi anachungulia pazia, anatazama utepe, anaona maji yameshuka, anarudi kwenye friji zake na roho imetulia.

Na kulikuwa na paka. Nje ya dirisha la mama kuna uchochoro ambao haupitwi na mtu, na kiangazi kile paka wa mtaa mzima walifanya pale kijiwe chao. Walilala chini ya dirisha wamejinyoosha, wengine wakinyanyua shingo kulitazama shuka kama wanasubiri kuitwa. Fundi Baridi alimtania mama yake, "Naona wageni wako wamekuja." Mama akamjibu, "Wananipenda kwa sababu hawana kelele kama nyie." Tukacheka. Mama alikuwa na ulimi, ukikaa naye lazima utacheka.

Mimi nilikwenda asubuhi na jioni. Nikiingia tu ananiomba maji, na anakunywa kwa pupa, vikombe viwili bila kupumua, hata namwambia, "Taratibu mama, hakuna anayekunyang'anya." Halafu nampeleka chooni, namwogesha, tunapiga soga. Lakini wakati wa kuaga nikimpa kikombe anakikataa. "Nimetosheka." Ilinichukua muda kuliona hilo. Alikunywa nikiingia, hakunywa nikitoka.

Ndipo nikaanza kumwangalia vizuri. Midomo ilikuwa imepasuka. Ulimi ulikuwa mkavu. Nilipombana ngozi ya mkono kwa vidole, ilibaki imesimama kama pindo la nguo lililokunjwa likasahauliwa. Na bado jagi lilisema anakunywa.

Jioni moja niliinama mpaka jicho langu likalingana na utepe wa chini. Maji yalikuwa pale pale. Si juu kidogo, si chini kidogo. Yamekaa kwenye ukingo wa utepe kama yamekatwa kwa mkasi. Nikakumbuka jinsi mama alivyopenda kunisimulia habari za wanafunzi wake wa ushonaji, alivyowachapa rula vidoleni kwa kukata pembeni mwa chaki. "Mkasi unapita juu ya mstari," alikuwa akisema. "Si karibu na mstari. Juu yake." Nani anayekunywa maji kutwa nzima akaishia juu ya mstari, kila siku?

Nilitoka nje kama naenda kumwaga maji machafu, nikazunguka nyumba, nikaingia uchochoroni. Chini ya dirisha saruji ilikuwa imebonyea ikafanya kidimbwi, na kidimbwi kilikuwa na maji masafi. Paka mmoja mwenye sikio bovu alikuwa anayalamba kwa raha zake. Aliniangalia, akaona sina maana, akaendelea.

Nilirudi chumbani nikakaa kitandani kwa mama. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, maana sebuleni kulikuwa na watu, "Mama, wale paka wanakunywa nini?"

"Wewe una haraka ya kila kitu," alisema. "Hata ya kujua yasiyokuhusu."

"Yananihusu. Unajiua mama, na joto hili."

"Nikiyanywa yatakwenda wapi?" Alinishika kiganja akakivuta kwake. "Niambie. Nikinywa jagi zima asubuhi, mchana yanataka kutoka. Wewe haupo. Nani atanipeleka?"

"Si mwanao yupo hapo? Hatua chache tu."

"Ndiyo huyo huyo. Unakumbuka siku ile uliyofungiwa barabara ukachelewa? Nilibanwa nikashindwa kuvumilia. Nikamwita. Aliniinua amefumba macho, Bi Haraka. Amefumba macho kabisa! Akajigonga kwenye mlango, akatoka nundu kwenye paji la uso, na bado hakufumbua. Akanitawaza miguu kwa kupapasa kama kipofu. Huyu mtoto nilimfunga vifungo vya suruali mpaka alipokuwa mkubwa wa kunionea haya. Nikasema basi. Hiki kitu sitamtwisha tena mwanangu."

Machozi yalinijaa nikajifanya nakunja taulo.

"Usimwambie," alinisihi.

"Nitamwambia, mama."

"Nakuomba."

"Ukiniomba mpaka kesho nitamwambia. Nikinyamaza nitakuwa nimekuzika mwenyewe."

Akageukia ukutani. "Mmbeya," alisema. Nililikubali hilo jina pia.

Nilimwambia Fundi Baridi pale pale, kati ya friji mbili, wateja wakiwa mlangoni. Alinisikiliza bila kuacha kufungua skrubu. Nilipofika kwenye macho kufumbwa, bisibisi ilisimama.

"Nilifumba ili yeye asione aibu," alisema. "Nilidhani namstahi."

"Yeye kaona unaumia."

Alikwenda kwenye pazia akachungulia. Mama bado alikuwa amegeukia ukutani. Jagi lilikuwa juu ya kistuli, maji yake yamekaa kwenye utepe kwa adabu zote. Fundi Baridi alilitazama kama mtu anayetazama ndugu aliyemsaliti. Kisha akarudi sebuleni akawaambia wateja leo hakuna kazi.

"Samaki wangu wataoza!" alilalamika mama mmoja wa genge.

"Waoze," alisema Fundi Baridi, naye ni mpole ambaye sijawahi kumsikia akimjibu mtu vibaya.

Hakulala vizuri, maana nilipofika asubuhi macho yalikuwa mekundu na kazi ilikuwa nusu. Alikuwa amekata mabomba ya chuma akayapiga ukutani kwa nati nene, kuanzia kichwani mwa kitanda hadi kona ya chumba, usawa wa mkono wa mama. Kwenye kona aliweka kiti alichokitoboa katikati, ndoo chini yake, na kila upande wa kiti akachomelea mkono wa kushikia. Alining'inia kwenye lile bomba mwenyewe kwa uzito wake wote, miguu juu, kulijaribu.

"Utabomoa nyumba," mama alisema toka kitandani. Ndiyo mara ya kwanza kusema nasi tangu jana yake.

"Ikibomoka nitajenga nyingine."

"Na watu wakiingia watanionaje pale konani, kama sanamu dukani?"

Fundi Baridi alikuna kipara. Hilo hakulifikiria. Mama akashusha pumzi kwa namna ya fundi anayeona kazi ya mwanafunzi, akanyoosha mkono. "Nipe kile kitambaa cha kahawia kwenye sanduku. Na sindano. Na chaki."

Alishona pazia kwa mkono, ameegemea mito, miwani puani. Vidole vilitetemeka mpaka sindano iguse kitambaa, hapo vikatulia. Alichora mstari wa pindo kwa chaki akaufuata kipande kwa kipande, na ingawa alipumzika mara kwa mara hakukubali nimsaidie. Akadai ushonaji wangu anaujua kwa kuangalia vifungo vyangu. Pazia lilipotundikwa lilifika chini likaishia kidole kimoja juu ya sakafu, sawasawa kila upande.

"Haya, tokeni," alisema. "Wote wawili."

Tulisimama sebuleni tumenyamaza kama watu wanaosubiri majibu ya mtihani. Tulisikia kitanda kinalia. Tukasikia mkono unaburuzika kwenye chuma, unasimama, unaburuzika tena. Fundi Baridi alinishika bega, nikasikia maumivu, nikamwachia tu. Pete za pazia zikalia. Kimya. Muda ukapita, pete zikalia tena, mkono ukarudi safari ile ile, kitanda kikapokea uzito.

"Mnasikiliza nini?" mama alifoka. "Hamna kazi?"

Tulipoingia alikuwa amekaa kitako, jasho limemtoka, anatweta, na uso wake sijawahi kuuona vile. Aliomba maji. Akanywa mbele ya mwanawe kikombe kizima, akaomba kingine, mpaka maji ya jagi yakashuka chini ya utepe wa juu bila kuheshimu mstari wowote. Fundi Baridi alicheka huku akijifuta macho kwa kitambaa chenye grisi, akajichora masharubu. Mama akamwambia, "Nenda kanawe, unatia aibu." Siku hiyo niliondoka pale nikiimba njiani.

Ningependa kuishia hapo.

Tulipata siku chache nzuri. Mama alikunywa, alikwenda kwenye kiti chake mwenyewe, na paka walilia chini ya dirisha wakashangaa ukarimu umekwenda wapi. Lakini chakula kilimshinda. Miguu ilianza kuvimba, na mchana alikuwa akisinzia katikati ya sentensi. Tulimpeleka zahanati wakamtundikia dripu, wakasema ni joto, wazee wengi wako hivyo, mrudisheni mpumzisheni. Tukamrudisha. Joto lenyewe halikurudi nyuma hata kidogo.

Siku moja niliingia nikamsalimia, "Shikamoo mama," hakuitikia. Alinitazama kwa adabu, kama anayemtazama mteja. "Gauni lako halijaisha," alisema. "Rudi kesho." Nilimgusa shingo. Ilikuwa kavu na ya moto kama pasi. Nikampigia Fundi Baridi ukelele, nikatungua shuka la dirishani likiwa bado linadondoka maji, nikamfunika nalo, nikamwekea vitambaa vya barafu kwapani na shingoni. Fundi Baridi alimpepea kwa kifuniko cha feni mpaka jirani mwenye gari akafika.

Kwenye gari mama alilala kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mwanawe, miguu kwenye yangu. Fundi Baridi alikuwa analia kimya kimya, amefumba macho, amemshika mkono. Mama alifumbua yake. Alimtazama pale juu yake kwa muda.

"Fumbua macho, mwanangu," alisema.

Sijui kama alikuwa nasi wakati huo au alikuwa siku ile nyingine, ya mlango na nundu. Fundi Baridi alifumbua. Hakufumba tena mpaka tulipofika, hata kupepesa sikumwona akipepesa.

Mama alifariki hospitali kesho yake, kitanda si chake, na wauguzi walimwita bibi. Daktari alitueleza kwa upole kwamba figo zilikuwa zimeshachoka. Fundi Baridi akamuuliza, "Lakini alikuwa anakunywa. Mwishoni alikuwa anakunywa vizuri." Daktari akasema ndiyo, ila mwili ulikaa mkavu muda mrefu mno kabla ya hapo.

Dada mkubwa alikuja mazishini. Nilijiandaa kumpa vidonge vyake akianza maneno, lakini hakuanza. Aliingia chumbani, akaliona lile bomba ukutani, akalishika akatembea nalo kutoka kitandani hadi konani, polepole. Akaligusa pindo la pazia kwa vidole. Kisha akamwambia ndugu yake jambo moja tu. "Ulikuwa umekaa mlango wa pili." Nadhani alitaka kumaanisha kwamba ulikuwa karibu naye, ulimpenda. Fundi Baridi hakulisikia hivyo. Dada aliona neno lake lilivyomchoma, akamkumbatia, lakini hakuweza kulirudisha.

Nilirudi baadaye kuchukua beseni langu na taulo zangu, maana nilikuwa na mzee mwingine anasubiri. Joto lilikuwa lile lile. Sebuleni friji zilikuwa zimesimama bila kuguswa, migongo wazi, na mlango ulikuwa wazi bila mteja hata mmoja, nadhani watu waliona haya kuja. Fundi Baridi alikuwa amekaa kitandani kwa mama yake. Jagi lilikuwa juu ya kistuli, limejaa hadi kwenye mfuniko. Nje paka walikuwa wanalia.

"Alikuwa anayamwaga wakati gani?" aliniuliza bila kugeuka.

Nilitaka kumwambia aachane na hayo. Lakini lile swali hakuliuliza ili afarijiwe, na mimi si mtu wa kuzunguka.

"Ukishauliza kama amekunywa," nikasema. "Akishakujibu."

Alitikisa kichwa. Halafu akasema, sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuita mtu wa chumba cha pili, "Mama, umekunywa?"

Tulisubiri wote wawili. Kisha akanyanyua jagi, akasogeza shuka lililokauka dirishani, akaanza kumwaga kidogo kidogo. Kila mara alilirudisha kwenye kistuli, akainama jicho lake lilingane na utepe wa juu, akamwaga tena tone mbili tatu, mpaka maji yakakaa juu ya mstari kabisa. Uchochoroni kelele za paka zilikoma.

Akarudisha mfuniko, akaufunga.

"Haya yaliyobaki ni ya jioni," alisema.

Nilichukua beseni langu nikatoka.